Udhibiti wa hali ya moyo kwa burudani

Udhibiti wa hali ya moyo ni nadharia ya saikolojia ya mawasiliano inayoeleza kwa nini mtu huchagua wimbo huu na kuuacha ule, au huzungusha stesheni za televisheni hadi akatulia kwenye kipindi kimoja. Iliasisiwa na Dolf Zillmann nchini Marekani, na ikapata jina lake katika maandishi yake ya mwaka 1988.

Kwa mujibu wa Zillmann, binadamu hukimbia maudhi na kufuata raha, na burudani ni njia rahisi ya kufanya hivyo. Si lazima mwenyewe ajue. Mtu akiwahi kupata nafuu kwa kusikiliza muziki, siku nyingine akiudhika mkono huenda wenyewe kwenye redio. Ndiyo maana watafiti wa nadharia hii hupenda kumtazama mtu anachochagua kuliko kumuuliza sababu.

Mwaka 1984 Zillmann na Jennings Bryant waliwapa baadhi ya washiriki kazi ya kujirudiarudia iliyowachosha kwa uchovu wa kukosa la maana, na wengine wakapewa mitihani ya kuwahangaisha. Kisha kila mmoja aliachiwa televisheni. Waliochoshwa walikimbilia vipindi vya kusisimua. Waliohangaishwa walivipa vipindi vya kutuliza muda mwingi zaidi kuliko wenzao.

Pamoja na msisimko, nadharia hii hutazama pia namna kipindi kinavyoteka mawazo, utamu au uchungu wake, na ukaribu wa mada na shida ya mtazamaji. Hili la mwisho lina uzito wa pekee: aliyeachwa na mchumba huenda asivumilie filamu ya mapenzi hata ikiwa ya kuchekesha, kwa kuwa inagusa kidonda.

Udhaifu mkubwa wa nadharia ni huzuni. Watu hutafuta kwa hiari filamu za kuwaliza. Mary Beth Oliver, aliyechunguza jambo hili tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba mtazamaji huweza kuithamini huzuni yenyewe, na kwamba hutafuta maana, si raha peke yake. Wapenzi wa taarab hawatashangaa. Jina la muziki huo latokana na neno la Kiarabu la msisimko unaomfika msikilizaji, uwe wa furaha au wa majonzi, na anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomchoma hakimbii uchungu wake, anausogelea.

Silvia Knobloch-Westerwick naye aliongeza kwamba mtu huangalia pia kinachomngoja. Anayetarajia kukabiliana na aliyemuudhi huweza kuilea hasira yake badala ya kuituliza.

Nafuu yenyewe haina hakika. Mwaka 2014 Leonard Reinecke na wenzake waliwachunguza watu waliotazama televisheni au kucheza michezo ya video baada ya kazi. Waliochoka zaidi ndio waliojilaumu zaidi kwa kuona wanapoteza muda, na lawama hiyo ikawapunguzia mapumziko waliyoyahitaji.