Upasuaji wa Kufyonza Mafuta, na Majina Mepesi Yanayouficha

Siku hizi "kukata tumbo" kumebebeshwa mambo mengi kupita kiasi. Ipo chai ya kukata tumbo, upo mkanda wa kukata tumbo, yapo mazoezi ya kukata tumbo, na sasa upo upasuaji unaotangazwa kwa jina hilohilo, katikati ya picha ya "kabla" na picha ya "baada". Mtu anayehangaika na nyama uzembe hawezi kujua, kwa kusoma jina tu, kama anauziwa majani ya kuchemsha au anaitwa kulala juu ya meza ya upasuaji. Kwa maoni yangu hatari inaanzia hapo, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kitaalamu huduma hiyo inaitwa liposaksheni, na watu wa mjini wameifupisha kuwa "laipo". Kipande cha kwanza cha jina kinatokana na neno la Kigiriki la mafuta, cha pili kinahusu kuvuta kwa nguvu ya hewa. Magazeti yetu yamejaribu kupunguza mafuta, kuondoa mafuta, kunyonya mafuta na kufyonza mafuta. "Kupunguza" kunampeleka msomaji moja kwa moja kwenye kupunguza uzito, jambo ambalo upasuaji huu haukuundwa kulifanya. "Kuondoa" kunaahidi kwamba mafuta hayatarudi, ilhali anayezidi kunenepa baadaye huweka mafuta mapya kwenye seli zilizobaki. "Kunyonya" ni neno la mtoto na titi. Mimi nachagua kufyonza: mzizi hufyonza maji ardhini, na nyumbani tuna kifyonza vumbi. Neno hili lina nguvu ya kuvuta kitu kilichojikita mahali. Jina kamili basi liwe upasuaji wa kufyonza mafuta, na neno upasuaji lisidondoshwe hata kama kichwa cha habari ni kifupi. Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ilipoanza huduma za aina hii mwaka 2023, zilitangazwa kama "upasuaji rekebishi", na kwa hilo nawapongeza, kwa sababu aliyesikia alijua anazungumziwa kisu.

Tuutazame wenyewe. Mgonjwa anachorwa duara kwa kalamu akiwa amesimama, kwa sababu akilala mafuta huhama na ramani hupotea. Daktari anatoboa matundu madogo, yasiyofika sentimita moja, kisha anamimina chini ya ngozi majimaji yenye chumvi, ganzi ya lidokeini na adrenalini. Ngozi inavimba, inakuwa ngumu na kupauka, kwa sababu adrenalini imebana mishipa midogo ya damu. Baada ya kusubiri, unaingizwa mrija wa chuma wenye ncha butu na matundu ubavuni. Manesi watauita kanula, lakini asidhani mtu ni ile kanula ya plastiki anayochomwa mgongoni mwa mkono. Mrija huo unasukumwa mbele na nyuma, mara nyingi sana, na kwenye chupa yanakusanyika mafuta ya manjano huku wekundu wa damu ukijitenga chini.

Ubutu wa ile ncha una historia ndefu ya maumivu. Katika miaka ya 1920 huko Ufaransa, daktari Charles Dujarier alijaribu kukwangua mafuta kwenye miguu ya mwanamke mcheza dansi. Nyama ikaoza na mguu ukakatwa. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1970, ambapo Arpad na Giorgio Fischer, baba na mwana, walibuni vifaa vyao Italia, na Yves-Gérard Illouz wa Paris akatumia mrija butu pamoja na majimaji, ili mishipa na neva zisogezwe badala ya kukatwa. Mwaka 1987 daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, akaeleza mbinu ya kuvimbisha eneo kwa ganzi iliyozimuliwa sana. Umwagaji wa damu ukapungua mno. Mbinu hiyo haina jina la Kiswahili lililozoeleka. Napendekeza ganzi ya kuvimbisha.

Ganzi hiyo inahitaji hesabu makini. Kwa kawaida lidokeini yenye adrenalini haizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Kwa ganzi ya kuvimbisha, Klein alipendekeza kikomo cha 35, kwa kuwa dawa hunaswa ndani ya mafuta na kuingia kwenye damu polepole. Mwanamke wa kilo 60 anaweza basi kupewa hadi miligramu 2,100, na kiwango kwenye damu hufikia kilele saa 12 hivi baadaye. Yaani aliyehudumiwa asubuhi hufikia kilele usiku, akiwa kitandani kwake, pengine peke yake. Ganzi midomoni, mlio masikioni, ladha ya chuma mdomoni, kisha degedege na moyo kusimama: hizo ndizo dalili za lidokeini kuzidi, na dada au mume aliyeko nyumbani anapaswa kuzijua kabla ya siku hiyo.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliokusanya taarifa za madaktari wenyewe kuhusu karibu upasuaji 500,000, ulipata vifo 95, yaani takriban 1 kwa kila 5,000. Sababu iliyoongoza ilikuwa damu kuganda na kusafiri hadi mapafuni. Vingine vilitokana na mrija kutoboa tumbo au utumbo, ganzi, na maambukizi. Kiasi kinachofyonzwa nacho kina uzito wake: kikizidi lita 5, miongozo inataka mgonjwa alazwe na kuangaliwa usiku kucha. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hii kwenye kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye jambo linalotangazwa kama zawadi juu ya huduma: mafuta ya tumbo kudungwa kwenye makalio ili mtu apate shepu. Huu ni upandikizaji wa mafuta. Ndani ya msuli wa tako kuna vena nene. Sindano ikiingiza mafuta humo, hufika kwenye moyo na mapafu kwa muda mfupi na kuua. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huo vilionya kwamba makadirio ya vifo yalifika 1 kwa 3,000, vikataka mafuta yabaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu.

Na kile kitambi kigumu cha wanaume? Hakifyonzwi. Mafuta yake yako ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo na ini, na mrija haupaswi kufika huko. Hata mafuta ya chini ya ngozi yakitolewa kwa wingi, kisukari hakiponi: mwaka 2004 wanawake 15 wanene walitolewa karibu kilo 10 za mafuta kila mmoja, na wiki kadhaa baadaye insulini yao haikufanya kazi vizuri zaidi ya mwanzo.

Mashine zisizopasua zinahitaji majina yao. "Kuyeyusha mafuta kwa baridi" ni maneno ya tangazo, hakuna kinachoyeyuka. Baridi inaua seli za mafuta mapema kuliko inavyodhuru ngozi, na mwili unazizoa kwa wiki nyingi. Nasema kugandisha mafuta. Marekani iliidhinisha mashine hizo mwaka 2010, lakini kwa watu wachache eneo lililogandishwa huota uvimbe mgumu wa mafuta unaohitaji upasuaji. Mwanamitindo Linda Evangelista alitangaza hadharani mwaka 2021 kwamba uvimbe huo ulimpata. Kukaza ngozi kwa mawimbi ya redio ni kupasha moto kolajeni ya chini ili ijikunje. Moto ukizidi huunguza, na ngozi iliyoning'inia sana haikazwi kwa mashine. Hiyo hukatwa na kushonwa, kwa hiyo nayo iitwe upasuaji.

Ningependa fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili hiki: upasuaji wa kufyonza mafuta, lita zisizozidi ngapi, miligramu ngapi za lidokeini, jina la mtaalamu wa usingizi, jina la hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi itakayompokea mgonjwa akizidiwa. Chini kabisa iwepo namba ya simu ya saa 8 usiku, ya daktari mwenyewe aliyeushika mrija.