Dawa ya Damu na Homa ya Malaria: Funzo Kutoka Pemba

Leo tuzungumze juu ya dawa ya kuongeza damu.

Mama wa Kibarani, huenda haya yamekupata: mtoto viganja vimepauka, hachezi, anachoka upesi. Jirani anakwambia, "Mnunulie dawa ya damu, ile ya chuma." Jirani ana nia njema. Lakini kabla hujatoa pesa, sikiliza yaliyotokea kwa jirani zetu wa Pemba, kisiwa cha karafuu.

Miaka ya 1990, mtafiti Rebecca Stoltzfus wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alifanya kazi Pemba na wataalamu wa huko. Waliona watoto wengi wa shule wamepungukiwa na damu. Sababu moja ilikuwa minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu tumboni. Damu ikipotea, madini ya chuma nayo hupotea, na bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu nyingine.

Je, watoto wadogo wote wakipewa chuma, hawatapona? Mwaka 2002 ulianza utafiti mkubwa hapo Pemba, ukiongozwa na Dkt. Sunil Sazawal. Waliandikishwa watoto 24,076, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Wengine walipewa chuma kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa, ili walinganishwe. Kila mtu alitarajia mema.

Agosti 2003 chuma kilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma ndio waliougua sana na kufa zaidi. Pale ambapo wasiopewa walilazwa au kufa 100, waliopewa walikuwa kama 112. Mama, nyuma ya hesabu hiyo kuna nyumba zilizofiwa.

Utafiti kama huo ulifanyika Nepal, mahali pasipo na malaria, na madhara hayo hayakuonekana. Pemba wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Tena, kulikuwa na kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Katika hao, waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika na dawa.

Kwa nini iwe hivyo? Mtoto akiwa na homa, ini lake hutoa kitu kiitwacho hepsidini. Hiki hufunga mlango wa chuma, kisipite tumboni kuingia katika damu. Ni kama mwenye nyumba anayeficha chakula mwizi akiwa mlangoni, kwa kuwa vijidudu navyo hupenda chuma.

Matokeo ya Pemba yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Mwaka 2016 lilieleza wazi: penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Mwaka 2021, watafiti wa Kilifi na wenzao walichunguza watoto wa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, wakaonyesha kwamba malaria yenyewe husababisha upungufu wa chuma.

Basi mama, ufanye nini?

Mtoto akipauka, mpeleke zahanati apimwe damu na malaria. Usinunue dawa ya chuma kwa kukisia.

Akiandikiwa chuma na mhudumu wa afya, mpe kama ulivyoagizwa. Ziweke dawa hizo mbali na watoto, maana zikizidi ni sumu.

Mlaze ndani ya chandarua kila usiku. Mpe dawa ya minyoo kwa wakati uliopangwa kliniki, na mvalishe viatu.

Mpe maini, samaki, kunde, maharagwe na mchicha, na umkamulie ndimu. Chai usimpe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Na wewe mjamzito, usiache vidonge vya chuma ulivyopewa kliniki. Utafiti wa Pemba ulihusu watoto wadogo, si wewe. Meza pia dawa ya kukinga malaria unayopewa huko.

Kumbuka, mama: chandarua nacho ni dawa ya damu.