Nyeupe ya Omdurman

Wapenzi wa michezo ya vita ya kihistoria hupaka rangi visanamu vya askari, na nyeupe ndiyo huwatesa zaidi. Ikipakwa peke yake, vazi huonekana kama ukuta wa chokaa. Hivyo huanza na kijivu au rangi ya mfupa, kisha hugusia nyeupe kwenye migongo ya mikunjo.

Kwa jeshi la Mahdi wa Sudan, hilo halitoshi. Jibba zao za pamba zilishonewa viraka, alama ya ufukara na kuipa dunia kisogo. Huko Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, maelfu ya waliozivaa waliuawa kwa mizinga na bunduki za Maxim za jeshi la Kitchener. Asiyechora viraka huonyesha nguo, lakini huificha imani ya aliyeivaa.