Mashapo ya Mtungi

Bibi yangu hakuwahi kunywa maji ya mwisho ya mtungi. Yakisalia kiasi cha kata mbili aliuinamisha mtungi taratibu, akayamwaga kwenye shina la mlonge uani. "Mwanangu, mai ya tini hayanwewi," aliniambia. Nilikuwa na miaka saba, kwetu Mkomani, Lamu, nikadhani ni miiko ya wazee tu. Sasa naona ilikuwa ni elimu, tena elimu iliyokuwa na historia ya mji mzima.

Maji ya Lamu ni maji ya Shela. Kule mvua hunyesha juu ya vilima vya mchanga, ikapenya chembe kwa chembe, ikatulia chini ikiwa imeelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukichota kwa pupa, chumvi hupanda. Kwa hiyo mchujo wa kwanza ulikuwa mchanga wenyewe, na sharti lake lilikuwa subira.

Mchujo wa pili ulikuwa wa nyumbani. Bibi alifukiza mtungi kwa ubani, akafunga kitambaa cha bafta mdomoni, akamimina, akayaacha maji yalale. Masika, maji yakiwa na vumbi la paa na tope, alitia kipande cha shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, akakoroga kidogo. Asubuhi tope lote liko chini. Siku hizi najua sababu yake: chembe za tope hubeba chaji hasi, zikasukumana zisishuke, shabu na protini ya mlonge hubeba chaji chanya, zikazikusanya kuwa madonge, na madonge yakazama. Bibi hakuhitaji kujua chaji. Alijua kungoja, na alijua mashapo yaende wapi.

Hata birika la kuogea lilikuwa na mlinzi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengewa mabirika ya chokaa, na ndani yake mliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa fundi alijengea bakuli la kauri ya Kichina. Birika lilipokaushwa lisuguliwe, maji kidogo yalibaki bakulini, na samaki akabaki hai. Kwa muda mrefu nililitazama bakuli lile nikiona pambo.

Kisha mtungi ukabadilika. Jina lilibaki, udongo ukaondoka. Leo ukimwambia kijana wa Lamu alete mtungi, atakuletea dumu la manjano la lita 20. Baharini nako kamba za makumbi na nyavu za pamba zikaipisha nailoni. Champali za ngozi zikawa za mpira na plastiki. Mabuibui tunayofua kila wiki yamefumwa kwa nyuzi za kiwandani, na kila ufuaji huacha nyuzi majini zisizoonekana kwa macho.

Sisi hatukukaa kimya. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Mwaka uliofuata fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, dau la takataka za plastiki lililovikwa champali kuukuu zilizookotwa ufukweni. Januari 2019 likatweka tanga kutoka Lamu kwenda Zanzibar. Nilisimama gatini siku ile, nikapiga makofi kama wengine.

Lakini dau hukusanya kile kinachookoteka. Plastiki ikipigwa na jua na mawimbi haiozi, huvunjika tu, ikawa ndogo na ndogo zaidi. Mwaka 2004 Richard Thompson, mtafiti wa Uingereza, na wenzake waliieleza kwa jina la mikroplastiki. Leo jina hilo hushika vipande vyote vilivyo chini ya milimita 5. Mbali na bahari, watafiti walinunua sangara na sato katika soko la Mwanza mwaka 2015, na katika kila samaki 5 wakathibitisha plastiki tumboni mwa mmoja.

Ajabu ni kwamba katika kuiondoa, wataalamu wamerudi kwenye uwanja wa bibi. Mitambo ya maji hutumia shabu na mchanga. Mbegu za mlonge zimejaribiwa maabara dhidi ya plastiki, zikaikusanya kama zilivyokusanya tope. Mwaka 2024 watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha kwamba kuchemsha maji magumu, kisha kuyachuja, huweza kuondoa hadi asilimia 90 hivi ya vipande hivyo: chokaa iliyomo majini huganda kwa joto ikavifunika. Kwa maji laini faida hushuka hadi karibu robo.

Maji yetu ya visima ni magumu. Birika langu la chai lina ukoko mweupe ambao mke wangu ameuchukia miaka 30. Siku hizi nachemsha, naacha yapoe, nachuja kwa kitambaa cha pamba. Kinachobaki kitambaani ni unga mweupe kidogo, mwepesi, usio na harufu.

Jioni moja niliupeleka uani, kwenye mlonge ulioota palepale pa ule wa bibi. Nikasita, kitambaa mkononi. Mashapo ya bibi yalikuwa udongo, na udongo aliurudisha kwa udongo. Haya yangu nikiyamwaga hapa, mvua ya masika itayachukua hadi mferejini, na mfereji hadi baharini, na bahari itaniletea tena ndani ya tumbo la samaki aina ya changu.

Nikakikunja kitambaa, nikarudi nacho ndani. Kipo juu ya rafu mpaka leo, kando ya birika, pamoja na vingine vitano.