Mtoto mchanga akigeuka manjano: mambo ya kujua kwa wazazi wa Garissa

Kuanzia Garissa mpaka kwetu Pwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini na mwanawe. Ni mila nzuri, humpumzisha mama. Lakini chumba chenye mapazia mazito huficha rangi ya mtoto, na ndiyo sababu naandika kuhusu umanjano wa watoto wachanga.

Kwanza, hii si homa ya manjano iletwayo na mbu, ile iliyozuka kwa jirani zetu wa Isiolo mwaka 2022. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa rangi iitwayo bilirubini, na ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuiondoa yote. Katika watoto 10 waliotimiza miezi, 6 hivi hugeuka manjano wiki ya kwanza. Kwa njiti ni 8. Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu na kwisha ndani ya wiki mbili.

Hatari ni umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, unaofika kwenye nyayo, au mtoto anapolala mno na kukataa ziwa. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto huweza kufa, au akabaki kiziwi ama mlemavu wa viungo.

Kila siku fungua dirisha umtazame kwenye mwanga. Mbonyeze polepole kwenye paji la uso, uone rangi kidole kinapoondoka. Angalia pia weupe wa macho na fizi.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, dang'a isimwagwe. Maji ya sukari si dawa, na jua la asubuhi halishiki nafasi ya taa za buluu za hospitali, ambazo huigeuza bilirubini itoke kwa choo na mkojo.

Usimpake mtoto hina, wala usimvishe nguo zilizowekwa na vidonge vya nafthalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hasa wa kiume, na vitu hivyo huvunja damu yao kwa kasi.

Arobaini haimzuii mgonjwa kwenda hospitali. Aliye Hulugho au Liboi yuko mbali na Hospitali ya Rufaa ya Garissa, basi aondoke mapema. Dalili ya hatari ikionekana usiku, asisubiri kupambazuke.