Uwanja wa Nyasi katika Nchi za Baridi: Asili Yake na Gharama Yake

Mwanafunzi asomaye habari za Ulaya au Amerika ya Kaskazini hukutana mara kwa mara na uwanja wa nyasi mbele ya nyumba: nyasi fupi, laini, ambazo hazilishwi mnyama wala haziezekewi paa. Kwetu sisi, tuliozoea kufyeka nyasi ili nyoka asijifiche mlangoni, au kuzikata kwa ajili ya ng'ombe, jambo hili huzusha swali. Yawaje watu watunze kwa jasho kitu kisicholiwa? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia.

Yafaa tuanze na hali ya hewa. Ukoka wetu hupenda jua kali. Nyasi za nchi za baridi, kinyume chake, husitawi majani ya miti yanapochipua na yanapokaribia kupukutika. Hudhoofika katika joto la kiangazi, na wakati wa baridi kali hulala chini ya theluji. Uingereza, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na jua si kali, nyasi hizo hukua bila kumwagiliwa sana. Si ajabu basi kwamba uwanja wa nyasi ulipata sifa huko.

Lakini mvua haikati nyasi. Katika karne ya 18 wenye majumba makubwa walitegemea kondoo, pamoja na vibarua wenye miundu mirefu, walioanza kazi alfajiri, umande ungali majanini, kwa kuwa nyasi mbichi zenye umande hukatika vizuri zaidi. Mtu aliyeweza kuacha ardhi nzuri bila kuipanda ngano, kisha akawalipa watu waifyeke, alikuwa akiutangaza utajiri wake. Lancelot Brown (1716–1783), fundi mashuhuri wa bustani, aliwatengenezea matajiri mandhari ya nyasi zilizofika hadi ukutani mwa nyumba.

Mandhari hayo yalikuwa na gharama, na aghalabu aliyeilipa hakuwa tajiri. Katika jimbo la Dorset, Lord Milton aliubomoa mji wa Middleton uliokuwa karibu na jumba lake, kwa kuwa ulimharibia mandhari, na wakazi waliobaki wakahamishiwa kijiji kipya kiitwacho Milton Abbas. Zaidi ya hayo, kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji kwa pamoja. Hatusemi kwamba ardhi hiyo iligeuzwa bustani. Sehemu kubwa ilikuwa ya kilimo na malisho. Hata hivyo, wakati ule ule ambapo tajiri aliongeza nyasi za kutazama, maskini wengi walipoteza nyasi za kulishia ng'ombe wao mmoja.

Mwaka 1830 mambo yalianza kubadilika. Edwin Budding, fundi wa Stroud, aliona viwandani mashine iliyopunguza manyoya ya kitambaa cha sufu kwa visu vya kuzunguka. Akafikiri kwamba visu vile vingeweza kukata nyasi pia, akaunda mashine ya kwanza ya kazi hiyo. Tangu hapo mtu wa kipato cha kadiri aliweza kuutunza uwanja wake mwenyewe. Huko Marekani, mwaka 1869, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walichora ramani ya mji wa Riverside, karibu na Chicago, ambamo nyumba ziliwekwa mbali na barabara, mbele yake pakiwa na nyasi. Ikawa kwamba uwanja wa mtu ni sehemu ya sura ya mtaa, na mvivu wa kukata nyasi akaonekana kuwakosea jirani zake.

Tufikie sasa jambo tunalotaka wasomaji walizingatie. Hadi miaka ya 1940, mbegu za uwanja zilichanganywa mara nyingi na mmea mdogo uitwao klova nyeupe. Mmea huo, kama ulivyo mharagwe, hushirikiana na bakteria mizizini mwake kuchukua nitrojeni hewani, na hivyo huirutubisha ardhi bure. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea dawa iitwayo 2,4-D, iuayo mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi. Dawa haikuweza kubagua: iliua magugu, ikaua na klova. Pole pole klova nayo ikahesabiwa kuwa gugu, na mwenye uwanja akalazimika kununua mbolea ya kujaza pengo la mmea aliouua.

Wengine walikataa. Mwaka 1991 mji mdogo wa Hudson, jimboni Quebec, Kanada, ulipiga marufuku kunyunyizia dawa za namna hiyo kwa ajili ya urembo tu. Kampuni za kunyunyizia dawa zikaushtaki mji, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Kabisa ya nchi, ambayo mwaka 2001 iliupa mji haki. Quebec ilitoa kanuni zake mwaka 2003, na Ontario ikafuata mwaka 2009.

Leo wajuzi wa nchi hizo hushauri mambo mepesi: mbegu zipandwe mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, ardhi ikiwa bado na joto; nyasi ziachwe na urefu wa sentimeta 7 au 8; lisikatwe kwa mara moja zaidi ya theluthi ya jani; vipande vilivyokatwa viachwe vioze papo hapo; na klova irudishwe.

Ndugu walimu, tukifundisha neno «gugu» tukumbuke kwamba si jina la mmea mmoja, bali ni hukumu ya mwenye shamba, na hukumu huweza kukosea. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa nchi za baridi waliuacha mbachao wao kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, na sasa wengi wao wanautandika tena.