Jiokashi: mchezo wa kusaka hazina na siri ya mti mrefu kuliko yote duniani

Jiokashi ni mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kutumia simu au kifaa cha GPS. Mchezaji mmoja huficha kopo lisiloingia maji, lenye daftari na kalamu ya risasi, kisha hutangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo za mahali hapo. Anayelipata huandika jina na tarehe, hulirudisha palepale, na akichukua kitu hutakiwa kuacha kingine chenye thamani sawa.

Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na usahihi wake ukaongezeka takriban mara kumi. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi katika msitu ulio karibu na Portland, jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo. Ndani yake mlikuwa na vitabu, programu za kompyuta na hata mkebe wa maharagwe. Siku chache tu zilipita kabla haijapatikana.

Msituni mchezo huu huwa mgumu zaidi. Chini ya miti mikubwa mawimbi hugonga matawi na vigogo, hivyo kifaa hukosea kwa mita kadhaa na mtafutaji hulazimika kulizunguka shina akikanyaga huku na huko. Kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi. Hifadhi za taifa za Marekani nazo haziruhusu kopo kuachwa bila kibali, ingawa ipo aina isiyo na kopo, ambapo mgeni hujibu maswali kuhusu miamba ya eneo husika. Hata hivyo, kopo si hatari kubwa. Hatari ni zile nambari.

Mti uitwao Hyperion, wa jamii ya rediwudi, uligunduliwa mwaka 2006 na Chris Atkins na Michael Taylor katika Hifadhi ya Taifa ya Redwood, jimbo la California. Una urefu wa karibu mita 116, na hakuna mti hai unaojulikana kuupita. Mahali ulipo palifanywa siri, lakini nambari zilivuja na kusambaa mtandaoni. Hakuna njia rasmi ya kuufikia, wala mtandao wa simu wa kutegemewa, lakini watu walipasua vichaka hadi shinani. Mizizi ya rediwudi haiendi chini sana. Hutambaa kwa upana, na udongo ukishindiliwa na nyayo hukosa hewa na maji. Vikangaga vilivyoota pale vikatoweka, takataka na kinyesi vikabaki. Mwaka 2022 hifadhi ililifunga eneo hilo: anayekamatwa humo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa miezi 6.

Siri nyingine iliyovuja, ya kundi la miti mikubwa liitwalo Grove of Titans katika jimbo hilohilo, ilishughulikiwa tofauti. Huko ilijengwa njia iliyoinuliwa juu ya ardhi, na mgeni hupita kati ya majitu hayo bila kukanyaga mizizi.

Barani Afrika, mti wa asili mrefu zaidi kuwahi kuripotiwa ni mkukusu wenye mita 81.5, katika bonde lililo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanzania. Watafiti waliotangaza vipimo vyake mwaka 2016 walipendekeza bonde hilo liingizwe katika hifadhi ya taifa.